Mtoto wa Kulelewa Anapouliza: "Kwetu Ni Wapi?"

Maneno ya timu ya uwanja mbele ya mkutano wa wanachama, hapa Uvira



Tuliombwa tuseme juu ya karatasi: cheti cha kuzaliwa, hukumu ya tribunali kwa mtu ambaye hakuandikwa kwa wakati, kadi ya mpiga kura. Tutayagusa. Lakini wengi wanaofika kwenye meza yetu kwa ajili ya karatasi wanakuwa na swali lingine chini ya lile la kwanza. Wanakaa, wanangoja wengine watoke, kisha wanasema polepole: "Mimi nililelewa tu. Wale si wazazi walionizaa. Sasa hapa wananiambia niandike jina la baba, niandike nani?"

Hawa si watoto tena. Ni watu wa miaka thelathini na kitu, wako na bibi, wako na bwana, wako na watoto wao. Mmoja alituambia kwamba swali halikutoka kwake, lilitoka kwa binti yake aliyetumwa na mwalimu kuandika majina ya babu na bibi. Kwa mwingine ni mambo ya mahari: wakwe wamefika, wamekaa, na ghafla haijulikani ni ukoo gani wa kupokea ng'ombe. Mwingine anaogopa kitu ambacho wazee hapa watakielewa haraka kuliko wafadhili, nacho ni kuoa dada yake bila kujua.

Munajua ilivyokuwa. Mwezi wa kumi 1996 vita viliingia Uvira. Mwezi wa nane 1998 vikarudi kwa sura nyingine. Watu wa Uvira, Makobola, Mboko, Baraka mpaka Fizi walishuka ziwani wakavuka kwenda Kigoma. Wazee wengine walikuwa wamekwisha kuifanya safari ile wakati wa Mulele, 1964 na 1965, njia waliijua. Lakini mtumbwi una nafasi yake, na usiku hauchagui. Baba alipanda mtumbwi huu, mama ule, mtoto akaingizwa kwenye ule uliokuwa karibu. Walipofika Kibirizi asubuhi, kuna mama alijikuta na watoto sita wakati nyumbani aliacha na wanne.

Kisha zikaja kambi, Nyarugusu 1996, Lugufu 1997, na pamoja na kambi ikaja orodha. Tunaomba mukumbuke ile siku ya kuandikwa. Mtu mwenye kalamu anauliza: "Huyu ni nani wako?" Yule mama akajibu neno moja: "Wangu."

Neno lile liliokoa maisha, na tunataka lieleweke hivyo. Mtoto aliyeitwa wangu aliingia kwenye kadi ya mgao, akapata unga na maharage, akalala chini ya shitingi moja na wengine, akaenda shule na jina. Mama alisema vile kwa sababu aliogopa mtoto asichukuliwe apelekwe peke yake. Wengine walisema hivyo kwa ajili ya mgao pia, tusijifanye hatujui. Mdomo mmoja zaidi kwenye kadi ulikuwa na maana yake. Na wengi walisema hivyo kwa sababu ni kweli kwa lugha yetu. Nani kati yetu anasema "mtoto wa kulea" mbele ya mtoto?

Lakini neno lilelile lilifunika nyayo. Baada ya 1994, katika nchi za Maziwa Makuu, mashirika yaliandika majina ya watoto zaidi ya laki moja waliopotezana na wazazi. Wadogo wasiojua kusema jina lao walipigwa picha, picha zikatundikwa makambini na vijijini ili wazazi wapite wakiangalia sura moja moja. BBC nayo ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, na wanaosikia Kinyarwanda au Kirundi wanajua maana ya jina lile, ni kuunganisha familia. Kwa hiyo mtoto aliyeandikwa kwamba yuko bila wazazi, kuna faili yake mahali fulani. Mtoto aliyeandikwa "wangu" hana faili. Kwa karatasi, hakupotea kamwe, na hakuna anayemtafuta mtu ambaye hakupotea.

Ongeza mambo ya majina. Wafadhili wetu, kwao jina la baba linashuka mpaka kwa mjukuu. Ukipata jina umepata mlango. Hapa kila mtoto anapewa jina lake. Baba ana lake, kaka ana lake. Na mtoto wa miaka minne hajui jina la mama yake, anajua tu kwamba watu wanamwita Mama Furaha. Sasa hesabuni wenyewe ni Mama Furaha wangapi kati ya Kavimvira na Kalundu! Tunaposema mtu anatafuta kwao, mara nyingi ana kitu kidogo namna hiyo mkononi.

Lakini kidogo si bure. Tutaeleza kazi moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, na tumebadili vitu kidogo ili asitambulike.

Dada huyu alikulia Lugufu. Alirudi na familia iliyomlea kwa meli ya Mwongozo, kutoka Kigoma mpaka Baraka, wakati HCR ilipokuwa inarudisha watu. Alipokuja kwetu alikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, jina la Kiza. Cha pili, alikumbuka king'ora kikubwa, na baada ya king'ora wanaume wengi wakitembea barabarani. Cha tatu, harufu tamu ya kitu kilichoungua. Basi.

Wazee munacheka, kwa sababu mumekwisha kujua. King'ora na harufu ile ni Kiliba, ni kiwanda cha sukari, kabla vita havijakifunga. Na Kiza si jina la kuokota. Katika familia nyingi za huku na za ng'ambo ya Burundi, wakizaliwa mapasa, anayewafuata ndiye Kiza. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta nyumba ya Kiliba, baba mfanyakazi wa kiwanda, yenye mapasa wakubwa na binti aliyepotea. Hiyo inakuwa anwani kabisa.

Lakini kabla ya kwenda Kiliba tulimwomba atupeleke kwanza kwa mama aliyemlea, huko Mboko. Tunafanya hivyo kila mara, na tunashauri kila mtu afanye hivyo. Mama alitupokea vizuri, akatupa samaki, na akasema hajui kitu. Mtoto alimwokota tu. Tulirudi mara ya pili, akasema vilevile. Mara ya tatu hatukuuliza kitu, tulikaa tukaongea mambo ya mihogo, na alipotusindikiza barabarani ndipo aliposema. Hakumwokota. Pale Kalundu usiku, mwanamke asiyemjua alimpa yule mtoto mkononi akamwambia: "Nishikie huyu, narudi kuchukua mapasa." Mtumbwi ukaondoka.

Tulimwuliza: Mama, miaka yote hii, mbona hukumwambia? Akajibu kwamba aliogopa mtoto ataelewa kwamba mama yake alimwacha yeye, akachagua wale wengine.

Tangu siku ile hatujasema tena kwamba walezi wanaficha kwa ubaya. Tumesikia sababu nyingi. Kuna anayeogopa kuitwa mwizi wa mtoto. Kuna anayeogopa uzee wa peke yake, kwa sababu huyu wa kulelewa ndiye pekee anayemnunulia dawa. Kuna wale ambao mtoto alitoka kabila ambalo wakati ule kulitaja kulikuwa ni kumwua, basi walimpa jina jipya na lugha mpya, wakafunga mdomo, na mdomo ukazoea. Tumekutana na mtu aliyekua akisema Kibembe, akakuta ndugu zake ni watu wa juu Mulenge. Hatutasema zaidi ya hapo, kwa usalama wake. Tunasema tu kwamba aliyemficha alihatarisha nyumba yake yote, na anastahili kuulizwa kwa heshima, si kama mtu aliye mbele ya polisi.

Turudi Kiliba. Jina lilisomwa kanisani na sokoni. Mzee mmoja wa kiwanda akakumbuka nyumba. Mama mzazi hakupatikana. Watu wa ukoo wanasema alifariki katika vita vile, hakuna aliyeona kaburi. Baba alifariki baadaye. Alibaki baba mdogo, na neno lake la kwanza halikuwa "karibu". Aliuliza: "Huyu anatafuta ndugu ao anatafuta shamba?"

Musimhukumu haraka. Waliorudi hapa wote wanajua mambo ya viwanja. Mtu amelima mahali miaka ishirini, kisha anafika mgeni anasema mimi ni mtoto wa mwenye shamba. Ndiyo maana sasa tunalisema mapema, mbele ya shefu wa kijiji na wazee wa ukoo, kwamba kutafuta ndugu na kudai urithi ni njia mbili, kila moja na mahali pake. Dada alikuwa amemleta mama mlezi. Mama ndiye aliyesimulia habari ya mtumbwi. Baba mdogo alinyamaza, kisha akauliza kile kitenge cha yule mwanamke kilikuwa na rangi gani. Mama akasema. Mzee akatoka nje, akakaa huko muda.

Mmoja wa mapasa anaishi Uganda, katika kambi ya Nakivale. Wanaongea kwa simu. Hakuna kipimo cha damu kilichofanyika, na hatuwezi kuapa mbele ya tribunali kwamba ni ndugu. Wao wanasema wanatosheka. Kwa mambo ya shamba, bado, wazee wanaendelea kukaa.

Si wote wanafika hapo. Wengine tunatembea nao mwaka mzima, na mwisho wa njia ni kijiji ambacho hakipo tena. Kuna mama mzazi aliyepatikana lakini hakutaka kuonana, kwa sababu bwana wake wa sasa hajui kwamba alizaa kabla. Tulimheshimu. Tulipeleka tu salamu, na mtoto wake akapokea salamu.

Sasa jambo ambalo walezi wengi hapa hawajui. Wanaogopa kwamba mtoto akipata kwao, wao wanafutwa. Sheria ya Kongo haisemi hivyo. Kitabu cha sheria za familia, cha 1987, kilichorekebishwa 2016, kinasema mtoto aliyefanywa wa familia nyingine mbele ya tribunali anabaki na uhusiano wake na familia ya asili. Ana huku na ana kule. Na mapatano ya mataifa juu ya haki za mtoto, ya 1989, kwenye kifungu cha 7, yanampa mtoto haki ya kujua wazazi wake, kadiri inavyowezekana. Kwa desturi zetu sisi hatukwendaga tribunali, tulilea tu. Lakini kama sheria yenyewe haimnyang'anyi mlezi, sisi tunamnyang'anya kwa nini?

Na kwa kuwa tuko kwenye sheria: mama aliyelea, akienda kutafuta cheti, asiapishwe kwamba alizaa. Siku hizi tunaona watu wanafundishwa kusema hivyo ili mambo yaende haraka. Huko ni kufunga mlango na kutupa ufunguo Tanganyika. Kuna njia ya kuandikwa kama mlezi. Inachukua siku nyingi zaidi, tunasindikiza.

Tuwape marafiki wa mbali mfano mmoja wanaoweza kuusoma kwao. Wakati wa ukoloni, serikali ya Wabelgiji iliwatoa kwa mama zao watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mwafrika, ikawaweka katika misheni za mbali. Tarehe 2 mwezi wa 12, 2024, mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, kwa kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, kwamba kile kilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Watu wale, wazee wa zaidi ya miaka 70, bado wanatafuta ndugu. Tofauti na sisi ni kwamba serikali iliyowachukua iliandika. Majina, tarehe, misheni, viko kwenye nyaraka huko Ubelgiji. Kwetu hakuna aliyeandika. Nyaraka zetu ziko kichwani mwa mama mzee wa Mboko ao Swima, na zile chache zilizokuwa ndani ya sanduku, mafuriko ya mwezi wa nne 2020 yalipita nazo pale Mulongwe pamoja na nyumba.

Wanachama wetu walio Marekani wanatuuliza sana juu ya DNA. Inasaidia, lakini tuelewane. Kipimo kinakuonyesha mtu wa damu yako kama naye amepimwa. Baba mdogo wa Kiliba hajapimwa. Na DNA imekwisha kuumiza watu wetu: mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wa kuleta familia za wakimbizi kutoka Afrika, baada ya vipimo, zaidi vya Nairobi, kuonyesha kwamba wengi waliojiandika kama familia hawakuthibitika kwa damu. Ulipofunguliwa tena 2012, DNA ikawa sharti kwa mzazi na mtoto. Walikuwamo waliodanganya, ndiyo. Lakini mama aliyesema "wangu" siku ile Lugufu, alimdanganya nani?

Basi, anayetafuta afanye nini? Aende kwa Msalaba Mwekundu, wa Kongo ao CICR. Kazi ile ni ya bure, kuanzia fomu mpaka barua inayovuka mpaka. Mtu akikuomba dola hamsini ili "afungue faili," huyo ni mwizi, tuambieni. Barua ya Msalaba Mwekundu inabeba habari za familia tu, musiweke siasa, musiweke mambo ya vita, itarudishwa. Toa kila kitu unachokumbuka, hata kinachoonekana upuuzi: jina la utani, mto, mlio, kanisa lenye rangi fulani, jina la jirani, kidonda cha zamani, nani alikuwa anasuka mikeka. Na ukipeleka tangazo redioni ao WhatsApp, usimwage yote. Bakiza alama moja isiyojulikana na watu. Atakayefika akisema mimi ni kaka yako, muulize ile alama. Tumeona makaka watatu wakifika kwa ajili ya dada mmoja aliyesikika anaishi Texas.

Na hawa wa sasa. Mwaka 2025 watu wetu wamevuka tena Ruzizi kwa maelfu kuingia Burundi, na watoto wamepotezana na wazazi palepale majini. Kama mtoto wa watu yuko nyumbani kwako leo, mlee, mpe chakula, mwite wako. Lakini nenda umwandikishe, useme ulimpata wapi, siku gani, amevaa nini. Hawatamchukua kwa sababu umesema ukweli. Kazi yao ya kwanza ni kutafuta wazazi, na familia nzuri inayomlea wanataka aendelee kukaa nayo. Na watoto wenu wenyewe, wafundisheni jina la baba na la mama kamili, na kijiji. Waulizeni jioni wakati wa kula. "Mama Furaha" haitoshi.

Marafiki wafadhili wanauliza pesa yao inafanya nini katika haya. Inalipa boti mpaka Baraka, pikipiki mpaka vijiji vya uwanda wa Ruzizi, tangazo la redio, pesa ya kupiga simu Nakivale na Nyarugusu, na nauli ya mama mlezi, kwa sababu hatupendi mtu aende kukutana na ukoo wake bila yule aliyemfikisha hapo.

Tumefungua daftari. Liko kwa katibu, siku ya tatu na siku ya tano, saa mbili mpaka saa sita. Upande wa kushoto wanaandika wanaotafuta. Upande wa kulia wanaandika waliolea: nilimpata wapi, nani alinipa, alisema nini. Asiyejua kuandika ataandikiwa, na asiyetaka lisomwe sasa, tutafunga ukurasa wake kwa gundi mpaka siku atakayosema. Mpaka leo kushoto kuna majina arobaini na moja, kulia sita. Kalamu tumeifunga kwa kamba, mbili za kwanza zilikwenda na watu.